Upupu Mkononi mwa Maiti

Kitu cha kwanza Inspekta Habiba alichokiona alipoingia kituo kidogo cha polisi cha Kochola ni mkono wa Opiyo. Ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, umelazwa juu ya paja, na mwenyewe alikuwa amekaa kwenye saruji ya seli akiutazama bila kulia. Kitu cha pili ni Koplo Wakhisi, aliyepiga saluti kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukikuna wa kulia.

"Nani amemvunja huyu?"

Koplo akasema alianguka. Alianguka wapi? Kwenye gari, afande, wakati wa kumleta. Na gari lilikuwa na rungu? Koplo akaendelea kujikuna.

Habiba alizaliwa Kaloleni, Kisumu, binti wa fundi cherehani, na katika idara nzima ya upelelezi hakuna aliyekuwa hajaonja ulimi wake. Wakubwa walisema angekuwa amepanda cheo zamani kama angejua kumeza mate. Hakujua, na siku hiyo ya Februari, mwaka wa tisini na mbili, jua likichoma mabati ya kituo tangu saa mbili asubuhi, hakuwa na nia ya kujifunza. Alikuwa ametumwa kufunga faili, si kufungua. Mkubwa wake alimwambia kwa simu kwamba muuaji keshapatikana, mkuki keshapatikana, iliyobaki ni kuandika tu, na kesho asubuhi Opiyo asomewe shtaka la kuua. Shtaka hilo mwisho wake kila mtu anaujua. Ni kitanzi.

Kesi yenyewe, kwa jinsi ilivyoandikwa, ilikuwa nyepesi. Mzee Oketch wa Kochola alikufa kwa uzee, na jana mchana watu wa kwao walimfanyia tero buru. Kwa asiyejua, ni hivi: mzee mwenye boma lake akifa, wanaume huwatoa ng'ombe, hujipaka udongo usoni, huvaa mitambaazi shingoni na kifuani, huchukua mikuki na fimbo, wakakimbia hadi mpakani wakipiga kelele ili wakifukuze kifo kikae mbali na watu. Vumbi hupanda, ng'ombe huvurugika, baba hamtambui mwana. Vumbi lilipotulia jana, kifo kilikuwa hakijafukuzwa. Nicodemus, mwana wa kwanza wa marehemu, alikuwa amelala kifudifudi karibu na ua wa nyuma, na mkuki wa Opiyo ukiwa mgongoni mwake.

Opiyo alikuwa na kisa naye. Nicodemus ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ufuo, na Januari alimnyang'anya Opiyo wavu wenye matundu madogo, akauchoma mbele ya watu. Opiyo akamwambia, watu wakisikia, "Utaona." Basi. Polisi walichukua neno hilo moja na mkuki mmoja, wakaona kazi imekwisha.

"Vielelezo viko wapi?" Habiba aliuliza.

Koplo akaleta gunia. Ndani yake mlikuwa na ule mkuki, na juu yake fungu la majani yaliyoanza kunyauka. Koplo alitaka kuyatupa pembeni. Habiba akamzuia.

"Haya ulitoa wapi?"

"Hiyo ni majani tu, afande. Kila mtu alikuwa amevaa."

"Nimekuuliza ulitoa wapi."

"Mkononi mwa maiti. Alikuwa ameshika sana. Ilibidi tufungue vidole kwa nguvu, mimi na yule shemeji yao, Wakoli."

Habiba hakuyagusa. Alichukua kalamu, akayatandaza polepole juu ya meza. Kipande cha mtambaazi, kimekatwa upande mmoja kwa kisu na upande wa pili kimechanika. Majani matatu matatu katika kila kikonyo. Na katikati, ganda moja kama la maharagwe, limejikunja, limekauka, limefunikwa na manyoya ya kahawia laini kama ya mtoto wa paka. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akamtazama Koplo, mikono yake, alama nyekundu zilizopanda hadi viwikoni.

"Umeanza kujikuna lini?"

"Jana, afande. Nikioga ndiyo inazidi. Watu huku wanasema ni roho ya marehemu inatufuata, sababu tulimfungua mkono."

Hapo Habiba alipandwa na hasira kweli. Roho! Serikali inalipa mshahara, inampa mtu bunduki na kofia, naye anakuna kielelezo usiku kucha halafu anasingizia roho. Alimuuliza kama yeye, mtu wa Bungoma, hajui upupu. Koplo akasema kwa aibu kwamba Bungoma ni kwa baba yake tu. Yeye alizaliwa na kukulia Nakuru, kwenye nyumba za polisi, na upupu alikuwa akiusikia katika hadithi.

"Basi leo umekutana nao. Usioge tena. Na usiguse gunia hilo, maana hiyo ndiyo kesi yangu yote."

Alienda hadi kwenye chuma cha seli akachuchumaa. Opiyo alikuwa kifua wazi, kama alivyokamatwa, na shingoni mtambaazi wake ulikuwa bado umening'inia, umenyauka. Habiba aliutazama kwa makini. Ulikuwa bombwe, mtambaazi mnene wa majani laini ambao wanaume wote wa Kochola huvaa katika tero buru, na ambao Nicodemus pia alikutwa amevaa, kwa maelezo ya Koplo mwenyewe. Akamwomba kijana ageuke. Mgongoni mlikuwa na michirizi ya rungu na mshipi, ile Habiba aliitambua bila kuelezwa. Ila hakukuwa na kipele hata kimoja cha kuwasha. Shingo safi, mabega safi, viganja safi.

Alimuuliza juu ya mkuki. Opiyo akasema aliuegemeza kwenye ua alipoenda kunywa uji, aliporudi haupo, akakimbia na fimbo. Alikuwa amelisema hilo jana, akalisema tena, na kila alipolisema alipigwa.

"Kuna mtu yeyote hapa anayeweza kuvaa upupu?" Habiba akamuuliza.

Kwa mara ya kwanza Opiyo aliinua uso kutoka kwenye mkono wake.

"Upupu? Mama, hata mbuzi wa huku anaujua."

Habiba akasimama. Aliagiza kijana apelekwe hospitali wakati huo huo. Koplo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mkubwa wa Kisumu ameamuru asitoke seli mpaka kortini, asije akatoroka. Habiba alipiga simu. Mkubwa akamjibu kwamba kama ana jina lingine alete, na kama hana, Opiyo ndiye jina. Simu ikakatwa. Habiba aliirudisha mahali pake kwa kishindo, akamwambia Koplo achukue funguo za gari.

Boma la Mzee Oketch lilikuwa juu ya kilima kidogo, mgongo umeelekea ziwani. Hema la matanga lilikuwa bado limesimama, watu wameketi chini yake wakiwa wameishiwa na maneno. Msiba mmoja wanauzoea, misiba miwili katika boma moja inawafunga midomo. Habiba alitoa pole kwa wazee, kisha badala ya kuingia nyumbani akazunguka nyuma.

Ua wa nyuma ulikuwa wa miba. Bombwe ilikuwa imeota humo, na yote ilikuwa imevuliwa asubuhi ya jana hadi kubaki vikonyo. Kundi zima la wanaume lilipita hapo. Ila kwenye kona, nyuma ya choo, palikuwa na kichaka kimoja kilichotambaa juu ya ua kikapanda hadi kwenye mti, maua yake ya zambarau yamekwisha, maganda yake ya kahawia yananing'inia makavu. Mji mzima ulikuwa umekiacha. Mtu wa kuchelewa, anayetafuta mtambaazi wa kuvaa kwa haraka asibaki nyuma, angekuta hicho peke yake.

Na mmoja alikikuta. Upande wa choo, kimo cha kiuno, palikuwa na mkato mbichi wa kisu, utomvu wake umekauka na kuwa mweusi. Habiba alikunja shati lake la polisi lisiguse kitu, akainama. Chini ya mkato huo udongo ulikuwa na alama ya soli ya kiatu, soli ya mpira yenye mistari. Wanaume wa tero buru hukimbia miguu mitupu.

"Umeona, Koplo?"

"Nimeona, afande."

"Jana hukuona."

Koplo akainama kuitazama soli.

Kutoka kwenye ua njia ilishuka hadi ufuoni. Wanawake walikuwa wametandaza omena, wale dagaa wa ziwani, juani, ingawa ni matanga, kwa sababu omena haingoji mtu amalize kulia. Mmoja wao, Lornah, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa hapo jana wakati wa kelele. Habiba alimuuliza kama kuna mwanaume yeyote aliyeacha tero buru akateremka ziwani. Lornah akacheka cheko lisilo na furaha.

Yupo, akasema. Alikuja mbio, udongo usoni, kifua wazi, suruali ya nguo nzuri, akajitosa majini akaanza kujisugua kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Walidhani joto limempanda kichwani, au pepo. Walimcheka.

"Mlimtambua?"

"Na ule udongo? Hapana. Lakini si mtu wa hapa, mama, hiyo nakuapia."

"Unajuaje?"

Lornah alinyoosha kidole kwenye kipande cha maji yenye povu chini ya miamba. "Alijitosa pale. Pale ndipo tunapotupa matumbo ya samaki. Hata mlevi wetu hajawahi kuoga pale."

Habiba alisimama akiyatazama maji hayo, na harufu yake ilimfikia. Akamuuliza Lornah, kwa kupita tu, kama Nicodemus alikuwa na ugomvi mwingine mbali na wavu wa Opiyo. Lornah akapunguza sauti. Kabla ya Krismasi walikuja watu wenye kamba na vigingi, wakapima ufuo huu wote kuanzia mwamba ule hadi mkuyu ule. Walisema kutajengwa kiwanda cha minofu ya samaki, wale mbuta. Nicodemus aliwafukuza na kung'oa vigingi kwa mkono wake. Baba akiwa kitandani hawezi kusema, Nicodemus ndiye aliyekuwa ua wa wote.

"Na waliletwa na nani?"

Lornah aligeuza omena zake, akazigeuza tena ingawa zilikuwa zimekauka sawasawa. Akasema watu wa matanga wasisemane vibaya. Habiba hakumlazimisha. Mtu akikataa kutaja jina juu ya omena kavu, jina hilo liko karibu.

Walipopanda tena bomani walimkuta Wakoli kwenye mlango wa hema, mume wa Maximilla, binti wa marehemu mzee. Alikuwa anajikuna mikono yote miwili waziwazi, bila haya. Koplo alimkamata kola papo hapo, na kwa sauti ya kutaka kusifiwa akasema huyu hapa, afande, huyu ndiye, si mtu wa hapa, anatoka Webuye, na anawashwa.

"Mwachilie."

"Lakini afande, anawa—"

"Mwachilie, nimesema! Na wewe si unawashwa? Nikukamate?"

Alimwambia Wakoli akunje mikono ya shati, kisha afungue vifungo. Vidole, viganja, mikono hadi kiwiko, vyote vimejaa vipele. Shingo haina kitu. Kifua hakina kitu. Habiba akamgeukia Koplo, akamwonyesha mikono ya Wakoli kisha mikono yake yeye Koplo. Zilikuwa alama za aina moja. Aliyebeba maiti na kufungua vidole vyake huwashwa mikono. Aliyevaa upupu huwashwa pale alipouvaa. Ni jambo la mtoto wa darasa la pili kulifahamu, akasema Habiba, na kama polisi wa Kochola wangelifikiria jana badala ya kutafuta rungu, kijana angekuwa kwao sasa anakunywa uji wa mama yake.

Wakoli alifunga vifungo vyake taratibu. Alikuwa mtu mpole, na kama mkwe alikuwa amejitolea kuteka maji kwa baiskeli ili wageni wasikose. Habiba alimpa pole, akamuuliza kama maji yanatosha. Wakoli akatikisa kichwa. Yangetosha, akasema, kama si shemeji Tom. Tangu jana jioni shemeji Tom anaoga tu. Watu hawana maji ya kunywa, yeye anaoga. Anasema ni joto la ziwa, Nairobi hajalizoea.

"Yuko wapi?"

"Kwa mama. Ndani. Hataki kukaa hemani."

Tom alikuwa mwana wa pili wa Mzee Oketch. Alipelekwa Nairobi kwa mjomba akiwa hajaanza shule, akasomea huko, akafanya kazi huko, akarudi Kochola likizo chache akiwa na viatu. Maelezo yake ya jana yalikuwa ndani ya faili, ukurasa mmoja safi: yeye ni mtu aliyeokoka, hashiriki mambo ya giza, wakati wa tero buru alikuwa hemani akipanga programu ya mazishi, hakuona chochote. Kila mtu alikuwa amemwamini, kwa sababu alikuwa ameshasema mara nyingi, mbele ya wazee, kwamba tero buru ni ushenzi.

Nyumba ya Mama Adero, mjane wa marehemu, ilikuwa na sebule ndogo yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kushona. Mama alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kama waketivyo wajane. Tom alikuwa kwenye kiti pembeni ya dirisha. Alikuwa amevaa koti zito la suti, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, tai imekazwa, mikono ameizamisha mifukoni. Nywele zilikuwa mbichi. Nje mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Miguuni viatu vyake vilikuwa vya soli ya mpira, na hilo Habiba aliliona kabla hajamwona uso.

Alimsalimia mama kwanza, akainama akamshika mikono yote miwili. Mama Adero akamwitikia, "Nyathina," mwanangu, kama anavyomwita kila aliyezaliwa baada yake. Kisha Habiba akapita moja kwa moja hadi jikoni, akachota majivu kwenye meko kwa bakuli la bati, akaja akaliweka juu ya meza ndogo katikati ya sebule.

"Wakoli, njoo. Na wewe Koplo. Jipakeni."

Wakaja. Kila mtu wa ziwa lile anajua dawa ya upupu iko mekoni. Majivu makavu, unasugua, unapangusa, unasugua tena, na maji unayaweka mbali kama adui. Wakoli alijisugua kwa utulivu wa mtu aliyekuwa akiomba afueni hiyo tangu jana akidhani anawashwa na roho ya marehemu. Koplo aliiga. Baada ya muda mabega yao yalishuka, na Koplo akatoa pumzi ndefu iliyojaa chumba.

Tom alikuwa akitazama bakuli. Jasho lilimtiririka kwenye kidevu likaingia ndani ya kola. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye hakuwa na suti nyingine aliyokuja nayo matangani. Manyoya yalikuwa ndani ya kola, ndani ya mikono, ndani ya bitana.

"Bwana Tom," Habiba akasema, "majivu yapo. Karibu."

"Ya nini?"

"Kama yanakufaa."

"Mimi niko sawa, Inspekta. Tuendelee na maswali, kama kuna maswali. Tuna mazishi mawili hapa."

Habiba akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane. Akaanza kumuuliza mambo madogo madogo, na kila jambo alilirefusha makusudi. Alipanga programu na nani? Na pasta. Pasta alikuwa wapi? Alikuwa amelala kidogo. Basi alipanga peke yake? Ndiyo. Kwa kalamu gani? Tom aliyajibu yote kwa sauti ya ofisini, huku bega moja likipanda na kushuka, likijisugua ndani ya koti. Akaulizwa juu ya watu wa kamba na vigingi. Akasema ni maendeleo, ndugu yake hakuelewa maendeleo, lakini walikuwa wakizungumza kama ndugu. Shingo yake ilikuwa ikijipinda. Mkono mmoja ulitoka mfukoni, ukasimama hewani, ukarudi.

Habiba alikuwa na muda. Alikuwa tayari kukaa pale mpaka jua litue, amwone akivua mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Lakini Mama Adero, Habiba hakumweka kwenye hesabu hiyo.

Mama alikuwa kimya mkekani muda wote, na Habiba alidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa hasikilizi maneno. Alikuwa akimtazama mwanawe anavyojinyonga ndani ya nguo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliinuka kwa kujishikilia ukuta, akachota majivu kwa viganja viwili, akaenda akasimama nyuma ya kiti cha Tom.

"Unawashwa tangu jana usiku," akasema. "Nakusikia ukutani. Ondoa hii kitu."

"Mama, acha."

"Ondoa. Mimi nilikuosha ukiwa mdogo, sasa unanificha nini?"

Tom alimshika mkono kumzuia, lakini mkono wa mama haushikiki mbele ya watu. Aliilegeza tai mwenyewe, akafungua kifungo cha juu, kisha cha pili, akalivuta koti pamoja na shati nyuma ya mabega.

Alama ilikuwa pale, wazi, nyekundu, imevimba, imechanwa kwa kucha. Ilizunguka shingo yote. Ikashuka kutoka bega la kushoto ikakatiza kifua kwenda ubavu wa kulia, upana wa vidole vitatu, mstari mmoja usiokatika. Hakuna mbu anayeuma hivyo. Hakuna joto linaloandika hivyo. Ndivyo wanaume wa Kochola wanavyovaa bombwe, na Mama Adero alikuwa amemvalisha mumewe hivyo hivyo kila mazishi ya maisha yao yote ya ndoa.

Viganja vyake vyenye majivu vilisimama juu ya mabega ya mwanawe.

Habiba alikuwa na maneno tayari, ya mkato wa kisu, ya kiatu, ya mwanaume aliyeoga kwenye matumbo ya samaki. Hakuyasema. Kwa mara moja katika maisha yake alimeza mate.

"Nicodemus walimkuta ameshika nini?" mama aliuliza, bila kugeuka.

"Upupu, mama."

Nje mtu alikuwa akiwafukuza kuku.

"Ulisema ulikuwa hemani," akamwambia Tom.

Tom akaanza kuongea. Aliongea haraka, Kiswahili na Kiingereza na Kijaluo cha kuvunjika, kwamba ule ufuo ungewalisha wote, kwamba yeye alishawapa watu wale neno lake, kwamba Nicodemus alimwita mgeni mbele ya baba yao anayekufa. Mgeni! Katika nyumba yake mwenyewe! Alitaka tu kumtisha, akasema, mkuki aliukuta pale uani. Koplo alikuwa ameacha kujisugua, mdomo wazi. Habiba alimwashiria atoe pingu.

"Ngoja," Mama Adero akasema.

Alichota majivu mengine. Akasugua shingo ya mwanawe, akapangusa, akasugua bega, akashuka kifuani akifuata ule mstari hadi ubavuni, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na machozi yake yakianguka aliyafuta haraka kwa kiwiko yasije yakalowesha majivu. Tom aliinamisha kichwa akaacha. Hakuna aliyethubutu kumharakisha mama. Alipomaliza alilirudisha shati mabegani, akagundua nguo yenyewe ndiyo yenye upupu, akalivua lote akalitupa chini, akamfunika mwanawe kwa leso yake ya matanga.

"Sasa mchukueni."

Koplo akamfunga pingu. Wakoli alikuwa ameuelekeza uso ukutani. Walipofika mlangoni Mama Adero aliita, na wote wakasimama. Alikuwa amelishika lile bakuli la bati, ndani yake majivu yamebaki kidogo. Hakumtazama Habiba. Alimtazama Koplo Wakhisi, mikono yake iliyopona.

"Huyu wangu nimempaka," akasema. "Na Opiyo, yule mtoto wa Perez mliyemvunja mkono, yeye mtampaka nini?"

Koplo aligeuka kumtazama mkubwa wake, akitumaini atasema neno, amtoe pale.

"Mjibu mama," Habiba akasema, akakaa mlangoni kumngojea.